Injini ya Ng'ombe Wanane

Ufuo wa Nyandago,
Homa Bay.
4 Februari 2024

Kwa shemeji yangu Werema,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo. Mama Bravin alikuwa na homa wiki iliyopita, lakini leo nimemsikia akigombana na mbuzi wa jirani, kwa hiyo amepona. Bravin amepata kazi ya kupaka rangi Kisumu. Nisalimie mama yetu Bhoke pamoja na goti lake, na umwambie Valary kwamba mjomba wake anamwombea mtihani wa kidato cha nne. Dada yangu Phelesia mpe salamu zake peke yake, usizichanganye na za wengine.

Najua utashangaa kuona karatasi. Ningepiga simu, lakini tangu zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Macalder zilipokula masikio yako, nikikupigia unasikia sauti yako tu. Na meseji ni za kuuliza bei ya omena. Hili ni jambo la ukwe, nikaona niliandike, Nyasuguta alibebe akija kununua samaki wa kuuza huko Migori. Yule mama hafungui cha mtu.

Shemeji, injini ya mashua imeibwa.

Unakumbuka walivyonicheka nilipouza wale ng'ombe wanane wa mahari ya Phelesia nikanunua injini. Wajomba zangu walisema mahari hukaa zizini, haiwekwi majini. Wewe peke yako ulifurahi, ukasema ng'ombe wako wamejifunza kuogelea. Nikaandika jina la dada yangu kwenye kifuniko kwa rangi nyeupe. Kwa miaka sita imenipeleka maji makubwa na kunirudisha. Tarehe kumi na moja Januari tuliamka, mashua ipo, injini haipo.

Zamu ya kulinda mashua wiki hiyo ilikuwa ya Joash, mwenzangu wa kuvua kwa miaka kumi na tisa, yule mnene aliyewaimbia siku mlipoleta ng'ombe. Sisemi ni yeye. Watu ndio wanasema. Ameondoka hapa na hatujui ameelekea wapi.

Sasa nimerudia pondo kama babu yangu. Nasimama nyuma ya mashua, nasukuma chini kwa ule mti mrefu, natembea maji mafupi kando ya mafunjo. Maji makubwa siwezi kuyafikia kwa kasia. Tunakula, usihangaike. Nimekuandikia ili usisikie kwa watu.

Ni mimi shemeji yako,
Elkanah


Migori,
27 Februari 2024

Shemeji Elkanah,

Barua imefika ikinuka samaki, na kila mtu amepata salamu zake. Za Phelesia nilimpa jikoni peke yake, akalia juu ya sufuria ya ugali. Mama anasema goti lake lina akili kuliko sisi wawili, maana linajua mvua itanyesha lini. Valary anasoma, au anashika kitabu vizuri.

Pole sana. Nilikaa na habari hii siku nzima zizini. Kwetu ng'ombe akiibwa hatulali, tunafuata nyayo mpaka zizi alikofichwa. Shida ya ng'ombe wako ni kwamba hawana nyayo.

Nina maswali mawili. Uliandikisha wizi polisi? Hukusema. Na pili, kwa nini Joash? Yule mtu alikula nami siku ile ya ng'ombe. Nilimwona akirudisha kipande cha nyama kwenye sahani ya watoto akidhani hakuna anayemtazama. Mwizi wa namna hiyo sijawahi kukutana naye. Lakini wewe umekaa naye miaka kumi na tisa, mimi nilikaa naye mchana mmoja, kwa hiyo nakuamini wewe. Kama ni yeye, nimeumia mara mbili.

Sasa sikiliza. Nina mtamba mwekundu, hajazaa bado. Nitamtoa awe mwanzo wa injini nyingine. Usiseme hapana. Phelesia anasema kaka akibaki na mti mkononi, na yeye ameolewa bure. Nakuheshimu kwa sababu ulichukua ng'ombe wangu ukawafanya kazi, hukuwanywa pombe kama wakwe wa watu wengine. Nataka kuendelea kukuheshimu.

Werema


Nyandago,
14 Aprili 2024

Kwa shemeji Werema,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua ilikata barabara, halafu Nyasuguta akapita siku ambayo nilikuwa majini, halafu kalamu ikaisha wino. Zote tatu ni kweli.

Huku ni wazima. Mama Bravin amepanda njugu. Mwezi uliopita tulimzika mama yake Joash, yule bibi aliyekuwa akikausha omena karibu na mnara wa simu. Alimzaa Joash peke yake, lakini Joash hakuonekana, na watu walisema wanajua kwa nini. Udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa marehemu. Kwa kuwa hakuwepo, wazee walinisimamisha mimi nitupe kwa niaba yake, kwa vile tumevua pamoja. Nilitupa. Tuyaache hayo.

Uliniuliza kama maji mafupi yana kitu. Hukuniuliza, lakini nitakujibu. Watu wenye injini wanadhani mbuta anakaa mbali tu. Asubuhi, kabla jua halijapasha maji, mbuta mkubwa hufuata samaki wadogo mpaka kwenye mafunjo, maji yanayofika kifuani mwa mtu. Injini ingemfukuza. Pondo halisemi kitu, mradi ulizamishe bila kulipiga ubavu wa mashua. Unasukuma mara moja, unaiacha mashua itembee yenyewe, unatupa mshipi wenye kambare mdogo aliye hai mbele ya majani, unangoja. Akishika, humvuti. Unamwacha akuvute wewe na mashua yako mpaka achoke. Babu yangu alisema mbuta ndiye injini ya maskini.

Nimepata sehemu moja ambayo haikosi. Nakutumia mbuta wa kilo kumi na moja kwa mkono wa Nyasuguta, amewekwa barafu. Mle wote, na mama Bhoke apewe kichwa.

Kuhusu mtamba, ahsante, lakini hapana. Mwache azae. Mimi nimezoea mti.

Elkanah


Migori,
19 Mei 2024

Shemeji,

Samaki alifika mwenye macho maangavu, na tumekula siku mbili. Kabla sijaoa kwenu nilikuwa naogopa miiba, sasa nalamba vidole. Mama alikula kichwa chote akakataa kugawa. Goti linasema ahsante.

Hukujibu habari ya polisi. Hukujibu habari ya Joash. Nimejijibu mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikwenda Macalder kwa rafiki yangu Motari, tuliyefanya naye kazi kwenye mashine. Nani nimwone akitoka shimoni na gunia la mawe mgongoni? Joash. Amekonda, shemeji, ule unene wote umeisha. Alinitambua mara moja, akaja akicheka, akaninyooshea mkono. Sikuupokea. Nilimwambia mbele ya wachimbaji wote, "Mkono wa mwizi sishiki." Akaurudisha akaupangusa kwenye suruali, kana kwamba ulikuwa mchafu.

Nikamuuliza kwa nini hakumzika mama yake. Akaniandikia kwa mkaa juu ya gunia, maana mashine zilikuwa zinanguruma, kwamba alitumiwa habari kuwa akikanyaga Nyandago atapigwa mawe. Nikamwandikia, "Umeiba?" Akaandika, "Muulize Elkanah." Halafu akafuta kwa kiganja. Akaandika tena nikuambie usitupe nyavu kando ya mafunjo ya upande wa jiwe jeupe, zitachanika. Mtu anayekuibia halafu anakuhurumia nyavu, mimi simwelewi.

Basi nimeamua. Jumamosi tarehe kumi na tatu Julai nitamleta yeye Nyandago, na wazee wawili wa kwetu. Atakula kiapo mbele ya mashua yako na mbele ya watu wenu. Kama ameiba, kiapo kitamjua. Na kama kuna mwingine aliyesema uongo, kitamjua huyo pia, hakichagui kabila. Amekubali. Waambie kamati ya ufuo wenu wawepo.

Werema


Nyandago,
26 Mei 2024

Kwa shemeji Werema,

Hatujambo, natumaini ninyi pia. Nakuandikia upesi kwa kuwa Nyasuguta ananingoja na ndoo zake.

Nakuomba tuache mambo ya kiapo. Julai ni mwezi wa upepo, watu watakuwa majini. Mama Bravin pia mgongo unamsumbua, hataweza kupikia wageni. Nimeshasamehe. Injini ni chuma tu. Joash aachwe alipo.

Elkanah


Migori,
9 Juni 2024

Elkanah,

Sote wazima.

Mama Bravin alimpa Nyasuguta gunia la njugu za mwaka jana alilobeba mwenyewe kichwani mpaka barabarani. Mgongo huo umepona lini?

Nilikaa nikafikiri. Nilipomwambia Joash habari ya kiapo, nilitegemea abishane, aseme yeye ni Mkristo, aseme yuko kazini. Alitikisa kichwa kukubali, akauliza siku tu. Anayetetemeka ni wewe, uliyeibiwa.

Nilimsomea Phelesia barua yako. Hakulia safari hii. Alisema, "Kaka yangu akianza kusamehe haraka, ujue kuna kitu amevunja." Anasema ukiwa mtoto ulivunja chungu cha mama yenu ukasema ni kuku.

Tarehe ni ile ile. Mtamba nimemwacha zizini.

Werema


Nyandago,
30 Juni 2024

Kwa shemeji yangu Werema, na dada yangu Phelesia,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimewashia jiko. Salamu nitaziweka mwisho, kama nitakuwa bado na haki ya kusalimia.

Injini haikuibwa. Niliiua mimi.

Tarehe kumi Januari, asubuhi, tulikuwa tunarudi kutoka maji makubwa bila kitu, mimi na Joash. Tulipokaribia nyumbani tukaona mgongo wa mbuta ndani ya maboya, pale kamati ilipopiga marufuku kuvua kwa sababu samaki wanazalia. Yale maboya niliyafunga mimi. Mimi ni mwanakamati, nimewahi kuchoma nyavu za mtu kwa kosa hilo hilo. Lakini nilikuwa nimerudi mikono mitupu siku tatu, na yule samaki alikuwa mkubwa kama ndama. Nikaingiza mashua kwa injini nimkatie njia ya kurudi maji makubwa.

Joash aliniambia, "Zima, inua hiyo injini, tusukume na pondo. Hapa ni matope."

Nikamwambia, "Mpaka tusukume atakuwa amefika Uganda."

Propela ikaanza kukata gugu maji na kuchota tope. Lile tundu la maji ya kupoza likaziba. Moshi ukatoka. Joash akasema, "Elkanah, inaungua, inua hii kitu." Nikamwambia neno ambalo nimelala nalo tangu siku hiyo: "Injini ni ya dada yako ama ya dada yangu?" Injini ikalia mara moja, ikanoki, ikafa. Samaki akaenda zake.

Tungerudi nayo ufuoni, fundi angeifungua, na tope la ndani lingesema nilikokuwa. Kamati ingenifukuza, na wajomba wangesema, si tulikuambia. Lakini siyo hao niliowaogopa. Nilikuogopa wewe, Werema. Niliona aibu mbele ya mtu aliyekuwa akinisifu. Nikamsihi Joash anisaidie kuizamisha kando ya mafunjo, upande wa jiwe jeupe, asimwambie mtu. Aliniuliza, "Na watu wakiuliza?" Nikasema nitajua la kuwaambia. Akaniamini. Tulishika kila mtu upande wake tukaiteremsha polepole, na jina likawa la mwisho kuingia.

Kesho yake watu wakauliza. Nikasema imeibwa usiku. Hapo ndipo mtu mmoja akasema, "Si zamu ilikuwa ya Joash?" Nakuapia, sikuwa nimelifikiria hilo. Joash akanitazama. Alikuwa amesimama karibu nami kama ulivyo wewe na karatasi hii. Alikuwa anangoja niseme. Nilikuwa na kamba mikononi, nikaanza kufungua fundo. Lile fundo halikuwa na shida yoyote. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaondoka katikati ya watu, na Jumamosi akaondoka kabisa.

Sikusema ni yeye. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia kila siku. Sikusema. Nilinyamaza tu, na nikakuandikia wewe "watu ndio wanasema", kana kwamba mimi si mtu.

Mama yake alipougua alimwita kila siku. Mimi ndiye niliyempelekea uji. Aliniuliza, "Ni kweli mtoto wangu aliiba?" Nikamwambia apumzike. Alikufa hajui. Halafu wakanisimamisha kaburini nitupe udongo wa mtoto wake, na nikautupa.

Kuna jambo la mwisho. Samaki wadogo hupenda kujificha kwenye kitu kilichozama, na mbuta huwafuata. Ile sehemu niliyokuambia haikosi, ni pale. Tangu Februari navua juu ya injini. Yule wa kilo kumi na moja mliyemla, pamoja na kichwa cha mama, alitoka juu ya ng'ombe wenu. Nilimtuma kwa kuwa sikuweza kumla.

Usimlete Joash kula kiapo. Hana cha kuapia.

Wasalimie kama wataitikia.

Elkanah


Migori,
6 Julai 2024

Elkanah,

Nimesoma. Phelesia pia amesoma mwenyewe, akaikunja, akaiweka kwenye Biblia, sijui ni sehemu gani. Mama hatujamwambia alikula nini.

Ungeniambia injini imeungua, ningekutukana asubuhi moja, na jioni ningekuuliza habari za samaki. Ng'ombe hufa, hata wangu hufa. Umenifanya nikatae mkono wa mtu mwema mbele ya watu. Nilirudi Macalder jana. Safari hii mimi ndiye niliyenyoosha mkono. Alinipa wake, lakini kwanza alinionyesha kiganja pande zote mbili, ili nione ni safi. Sikujua nitazame wapi.

Nilimwambia kila ulichoandika. Hakushangaa. Nilimuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo, akaandika kwenye gunia, "Nilimwahidi." Hiyo tu.

Tarehe kumi na tatu iko pale pale. Waite watu wale wale walioambiwa uongo. Mimi sitakuja, na wazee wangu hawatakuja. Kwetu na kwenu, mkwe hatakiwi kumwona mkwe wake uchi. Joash atakuja na Nyasuguta. Ukimaliza, niandikie, usipunguze kitu.

Werema


Nyandago,
28 Julai 2024

Kwa shemeji Werema,

Mama Bravin anakusalimu. Hakuwa akisema nami kwa wiki mbili, sasa ananiuliza kama nitakula. Bravin alisikia kule Kisumu, hajapiga simu.

Watu walikuja wote, hata wasiovua. Nilisimama kwenye mashua nikayasema yote, na maboya, na moshi, na fundo la kamba. Nilikuwa nimejiandaa wanicheke. Hakuna aliyecheka. Mzee Ombui wa kamati aliuliza tu, "Na ile siku ya mazishi ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. Walinitoa kwenye kamati na kunizuia kuvua mpaka mwaka uishe. Yule niliyemchomea nyavu alikuwepo. Aliyeleta kamba ya kuvutia injini ni yeye.

Tulikwenda penye jiwe jeupe. Wanaume saba walivuta. Ilipotoka, samaki wadogo aina ya ngege waliruka kutoka ndani ya kifuniko wakarudi majini. Tope lilikuwa limejaa kila mahali, lakini jina la Phelesia linasomeka. Fundi ameitazama akafunga tena. Ipo nyumbani kwangu, nimeiweka mlangoni, atakayeingia aione.

Joash alikuwa amesimama pembeni muda wote. Watu walimwendea mmoja mmoja, wengine wakilia, akawaitikia. Mimi nilikwenda wa mwisho. Nilikuwa na maneno mengi. Aliniuliza moja tu. "Ule udongo wa mama, ulirusha ama uliteremsha polepole?"

Nikamwambia polepole. Ni kweli, shemeji. Nadhani ndilo neno la kweli la kwanza nililomwambia tangu Januari.

Akaenda kaburini kwa mama yake. Hakuniita wala hakunikataza, nikamfuata mpaka kwenye ua wa minyaa nikasimama hapo. Aliinama, akachimba kwa vidole pembeni, akajaza kiganja. Akauteremsha polepole, kama nilivyomwambia.

Mvua ya Aprili ilikuwa nyingi huku, Werema. Kaburi lote limeota nyasi. Udongo wake ulibaki juu ya majani.

Elkanah